Athol Pybus na Madirisha ya Trevallyn

Kiwanda cha sufu kilipofunga milango, Athol Pybus alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, ana mke na binti mdogo, na ujuzi wake wote ulikuwa kusukuma matoroli yaliyojaa marobota ya nyuzi. Jirani yake, mzee aliyekuwa anaacha kazi ya kuosha madirisha, akamuuzia ngazi, ndoo, na zaidi ya vyote, wateja wake. Ndivyo ilivyokuwa desturi Launceston enzi hizo: anayechoka humwachia mwenzake milango ya kubisha. Siku ya makabidhiano yule mzee alikuja akichechemea mpaka kwenye pikapu, akaiweka ngazi kwa mikono miwili kama mtu anayelaza mgonjwa, akasema, "Haya, kijana. Kazi hii haina bosi."

Athol akafurahi kusikia hivyo. Hakujiuliza mbona mzee anachechemea.

Na kweli kazi aliipenda. Asubuhi aliosha maduka ya mjini, mchana akapanda Trevallyn, kilimani juu ya mto Tamar, ambako watu wamejenga madirisha mapana kama kuta ili wautazame mto unavyopinda kwenda zake. Mkono wake wa kulia ulikuwa na mwendo wake wenyewe. Aliubandika mpira wa kukaushia kwenye kona ya juu ya kioo, akauteremsha kwa kuuzungusha kama nyoka anayeshuka mlima, kulia kushoto, kulia kushoto, bila kuubandua hata mara moja, mpaka maji yote yakafika chini pamoja nao. Kioo kikabaki kama hakipo. Barney Stagg, mwenye bucha ya Mtaa wa Charles, alikuwa akilalamika kwamba wateja wake wanajigonga pua.

"Athol, kiachie kioo uchafu kidogo," alimwambia. "Nauza nyama mimi, siuzi plasta."

Miaka ikaenda. Binti akakua, akaolewa, akahamia Perth, upande wa pili wa nchi, akawa mtu wa kupiga simu Jumapili. Na mwili wa Athol, uliokuwa ukimtii bila kuulizwa, ukaanza kuulizwa.

Kilianza kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilivimba kwenye shina, kikawa hakitaki kubana. Yakafuata magoti. Mwisho likaja bega, na bega ndilo lililomtia hofu, kwa sababu kazi ya madirisha ni kazi ya kuinua mkono. Asiyeinua mkono haoshi dirisha, anaosha ukuta.

Akaanza ujanja. Mipini yake yote aliivika mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ili inenepe, asilazimike kukaza vidole. Ngazi aliipanda kama mtoto mdogo, mguu wa kushoto mbele kila mara, wa kulia ukiburutwa nyuma. Majira ya baridi, sakitu ikiwa imetanda kwenye majani na ukungu umekalia mto mpaka saa nne, alikuja na chupa ya maji ya moto, akajimwagia mikononi kabla hajagusa kitambaa. Alianza na vioo vya chini, akiviacha vya juu mpaka vidonge vikolee damuni. Na vidonge navyo vikaongezeka. Alianza na kile daktari alichomwandikia, akaongeza vya kununua dukani, vya asubuhi, vya adhuhuri, vya njiani.

Vijana wa kazi hiyo siku hizi hawapandi ngazi. Wana miti mirefu myepesi yenye brashi kichwani, maji yanapanda ndani yake kwa bomba, nao wamesimama chini wamevaa miwani ya jua. Athol aliazima mmoja akajaribu. Kitambo kidogo tu cha kuinua mikono juu ya usawa wa masikio, bega likawaka moto mpaka shingoni, machozi yakamtoka hadharani. Akaurudisha mti wa watu, akasema haukumpendeza.

Daktari alimwonyesha picha.

"Hapa gegedu limekwisha. Mfupa unasaga mfupa. Bega, na magoti yote mawili."

"Sasa?"

"Upasuaji. Nakuandikisha foleni ya hospitali ya umma, ila sikudanganyi, ni ndefu. Na wakati unangoja, Athol, shuka kwenye ngazi."

"Nikishuka nitakula nini, daktari?"

Daktari aligeukia kompyuta yake akaandika jambo refu. Pensheni ya uzee ilikuwa bado miaka kadhaa, na Athol alikuwa mzee mno kuanza kitu kingine, na kijana mno kulipwa kwa kukaa. Alitoka mle akaenda moja kwa moja kuosha duka la viatu.

Mkewe, Glenys, alifanya kazi ya kufua na kukunja mashuka hospitalini. Alijua mumewe anaumwa, lakini hakujua kiasi gani, kwa sababu Athol alikuwa na tabia ya kumwaga ukweli kidogo kidogo kama mtu anayetia chumvi.

"Unanuka dawa ya kuchua kama baba yangu siku ya mechi," Glenys alimwambia asubuhi moja akimfunga vifungo vya shati.

"Baba yako alikuwa mtu wa maana."

"Alikufa na miaka hamsini na tisa, Athol."

"Basi nimemshinda tayari."

Glenys akamfunga kifungo cha mwisho, akampiga kofi dogo kifuani, akaenda zake kazini. Hakucheka.

Mjini nako walianza kuona. Barney alisimama mlangoni pa bucha yake na aproni, mikono kiunoni.

"We Athol, dirisha unaliosha au unalibembeleza lilale?"

"Nyama zako zinanitazama vibaya. Naona haya."

"Zamani ulikuwa unamaliza kabla sijasaga soseji. Siku hizi naweza kwenda kumchinja ng'ombe nikarudi."

"Nenda basi. Na ukifika usirudi."

Walicheka wote wawili. Barney akamletea pai ya kome na mchuzi wa bizari, kama kawaida yake, akaiweka kwenye kifuniko cha ndoo. Lakini alipoingia ndani aligeuka akatazama juu ya kioo, pale penye jina la duka, akaona mistari ya maji iliyokaukia, akageuza macho haraka. Athol alimwona akigeuza macho.

Nyumba aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Bi Winsome Dunbabin, karibu na kilele cha Trevallyn. Bi Winsome alikuwa mjane wa miaka themanini na ushee. Alikuwa amefundisha kuogelea nusu ya mji ule, na binti yake Athol akiwemo, na sauti ya bwawani haikumtoka. Hata akikuomba sukari ungedhani unazama. Sebule yake ilikuwa na dirisha moja refu kutoka sakafuni karibu mpaka darini. Hapo ndipo alipoketi tangu mumewe afariki, akiwatazama wapiga makasia mtoni na kuwakosoa mmoja mmoja. Kila alipokuja Athol aliliosha dirisha lile nje na ndani, kisha wakanywa chai na keki ya tangawizi ngumu kama tofali.

"Huyo wa mbele analala," Bi Winsome alisema akiashiria mtoni. "Mtazame. Kasia linampiga yeye."

"Labda bega linamuuma, Bi Dunbabin."

"Ana miaka kumi na tisa! Ana bega gani la kuuma?"

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, ambao kule ni mwezi wa baridi kali, Athol alimaliza kwake, akanywa chai, akashuka nyumba ya jirani. Baridi ilipomchoma akakumbuka kwamba koti lake ameliacha kwenye msumari wa baraza. Akapanda tena kwa njia ya bustani, polepole, mkono kwenye goti. Alipopita mbele ya lile dirisha refu akainua macho, kama fundi yeyote anavyoitazama kazi yake.

Bi Winsome alikuwa upande wa ndani, juu ya kigoda cha jikoni. Mkono mmoja ameshika pazia, mkono mwingine una gazeti lililokunjwa, anafuta sehemu ya juu ya kioo, ile Athol aliyokwisha kuiosha. Chupa ya siki ilikuwa imekaa kwenye kizingiti. Ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, uso umeinuka, macho yanafuata mistari aliyoiacha yeye. Wala hakuwa anababaisha. Alikuwa na mpango: alianza kona, akaja katikati, akakunja gazeti upya, akaendelea. Mtu anayefanya jambo mara ya kwanza hafanyi hivyo.

Athol alisimama nyuma ya kichaka cha mkamelia. Kigoda kilitikisika kidogo, Bi Winsome akakaza mkono kwenye pazia, kikatulia. Alitaka kumwita. Akajiambia kwamba akimwita atashtuka aanguke. Ilikuwa sababu nzuri, akaishika. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine aliyoijua vizuri zaidi: kwamba akimwita, ule uso utageuka, watatazamana kupitia kioo kile, na baada ya hapo hatakuwa mwosha madirisha tena mbele ya macho ya mtu yeyote.

Akarudi chini bila koti.

Mwezi uliofuata Bi Winsome alimpa koti likiwa limefuliwa na kukunjwa.

"Uliliacha. Ungekufa na baridi, mjinga wewe."

"Nilisahau."

"Uzee."

"Uzee, Bi Dunbabin."

Siku hiyo alikuwa amemeza vidonge maradufu kwa ajili ya dirisha lile. Aliliosha mara mbili. Alipanda ngazi fupi ya ndani mpaka kidato cha juu, akausukuma mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kana kwamba ni kitu cha mtu mwingine, akaubandika mpira kwenye kona. Lakini kubandika si kukandamiza. Mpira uliruka njiani, ukaacha ukanda wa maji, akafuta, ukaacha mwingine. Jua la baridi lilikuwa nyuma ya mawingu na hakuona sawasawa. Aliposhuka jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni.

Bi Winsome alitazama juu kitambo.

"Safi kabisa, Athol. Kama hakuna kioo."

Maneno yale yalimwingia vibaya kuliko tusi. Alikunywa chai yake mbio mbio akaenda. Njiani alijisemea kwamba mwezi ujao atamwambia. Atasema tu, "Bi Dunbabin, shuka kwenye hicho kigoda, tafuta kijana mwenye mti." Alikuwa na maneno tayari. Mwezi wa nane ulipoingia, maneno yalikuwa bado mdomoni, na siku yake ya kwenda ilikuwa haijafika.

Barney ndiye aliyempa habari. Athol alikuwa ndiyo kwanza anachovya kitambaa kwenye ndoo mbele ya bucha.

"Umesikia habari za Winsome Dunbabin?"

"Zipi?"

"Ameanguka. Nyonga imevunjika. Alilala sakafuni kutwa nzima mpaka mleta magazeti alipomsikia. Unajua ile sauti yake. Wanasema ilikuwa imekwisha, ameita mpaka imekwisha."

Athol alikuwa ameinama juu ya ndoo na hakuinuka.

"Kaangukaje?"

"Ndiyo kichekesho chenyewe. Kapanda kigoda eti anafuta dirisha! Bibi wa umri ule! Nikawaambia, si ana Athol? Anafuta nini tena?" Barney akacheka. Kisha akamtazama mwenzake vizuri. Kicheko kikamfia mdomoni. "Athol? We, bwana. Kaa chini."

"Niko sawa."

"Huko sawa. Umekuwa mweupe kama mafuta ya kondoo. Kaa kwenye kreti hapo."

"Nimesema niko sawa!"

Aliosha dirisha la bucha mpaka mwisho. Hakuna aliyejua alivyoliosha, hata yeye mwenyewe.

Nyumbani hakusema kitu. Siku zile alikula kidogo, akameza vidonge vingi, kwa sababu maumivu yaliyokuwa yakingoja kazi sasa yalikuwa hayangoji chochote. Yalimkuta mezani, yalimkuta kitandani. Tumbo likaanza kumchoma. Akanywa maziwa. Choo kikawa cheusi kama lami. Akavuta maji, akanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio kilikuja Jumamosi asubuhi, Glenys alipomkuta amekaa sakafuni bafuni, ameegemea beseni la kuogea, na sinki lina matapishi kama machicha ya kahawa.

"Umekula nini? Athol! Umekula nini wewe?"

Akaashiria kabati. Glenys akafungua nyuma ya masanduku ya sabuni, akaviona vikopo.

"Mungu wangu," akasema. "Vyote hivi?"

Kwenye gari la wagonjwa alimshika mkono wake mbovu, akaushika kwa nguvu mno, naye Athol hakuthubutu kumwambia unauma.

Madaktari walikizuia kidonda cha tumboni kutoka damu. Wakamwambia vidonge vile asiguse tena maisha yake yote. "Na maumivu je?" akauliza. Wakampa dawa nyepesi, ile wanayopewa watoto wenye homa.

Siku ya tatu, alipoweza kutembea, alimwomba Glenys amwonyeshe wodi ya mifupa. Glenys aliyajua majengo yale kama mashuka yake. Alimfikisha mlangoni, akaona uso wa mumewe, akasema atangoja kwenye ngazi.

Bi Winsome alikuwa ameegemezwa mito, amepungua, mikono yake imebaki mifupa. Sauti ilikuwa imerudi nusu.

"Pybus! Na wewe wamekuvisha gauni? Geuka nikuone mgongo."

"Sigeuki, Bi Dunbabin."

"Afadhali. Nimeona mengi wiki hii." Akamtazama anavyoketi, kwanza mkono mmoja kwenye kiti, kisha mwingine, kisha kujiachia. "Unaumwa nini?"

"Tumbo. Vidonge vimelitoboa."

"Vidonge vya bega."

Athol alitazama vidole vyake. Nje kulikuwa na mvua, na dirisha la wodi lilikuwa na vumbi la miaka.

"Nilikuona," akasema. "Mwezi wa sita. Nilirudi kuchukua koti, nikakuona juu ya kigoda."

Bi Winsome alikuwa akikunjakunja ncha ya shuka. Vidole vikasimama.

"Ukafanya nini?"

"Nikaondoka."

"Ukaondoka."

"Nilidhani nikikuita utashtuka."

"Mimi? Nimesimama ukingoni mwa bwawa miaka arobaini, watoto mia wanapiga kelele, nishtuke kwa kuitwa na Athol Pybus?" Akahema. Maneno yalimgharimu. "Ungeniita. Ungenitukana. Ungesema, shuka wewe bibi mpumbavu. Ningeshuka."

"Najua."

"Hujui. Nililala pale sakafuni kutwa. Nimejikojolea. Nilikuwa nauona mto mzima mpaka giza likaingia."

"Na mimi je?" Bi Winsome akaendelea, sasa kwa sauti ndogo. "Kila mwezi, Athol, safi kabisa, Athol. Mdomo wote huu, nikashindwa kukuambia kwamba dirisha lina mistari. Nilijua nikisema hutarudi. Nao wale wenye miti hawanywi chai." Akafumba macho. "Binti yangu Philippa anaiuza nyumba. Ananipeleka nyumba ya wazee. Nimeonyeshwa picha. Dirisha linatazama maegesho ya magari."

"Bi Dunbabin..."

"Nenda sasa. Sina hasira na wewe." Akafungua macho, akageukia ukuta. "Au ninayo. Sijui. Nenda tu."

Alipomfikia Glenys ngazini alikuwa analia, kwa namna wanaume wa rika lake wanavyolia, bila sauti, kama mtu anayekohoa. Hapo hapo, wamekaa kwenye vidato vya saruji, wauguzi wakiwaruka, alimweleza yote. Glenys alisikiliza mpaka mwisho.

"Kazi basi," akasema.

"Tutaishije?"

"Sijui. Lakini kazi basi."

Haikuwa basi mara moja. Mwezi wa tisa dalali wa nyumba alimpigia simu: nyumba ya Trevallyn inatangazwa, madirisha yanatakiwa yang'ae, na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye friji. Angeweza kukataa. Glenys alimwita mwendawazimu. Lakini Athol alijiona kama ana deni pale, na hakuwa na kitu kingine cha kulilipia.

Nyumba ilikuwa imeondolewa vitu vya Bi Winsome na kuwekwa vya kukodi, viti vyeupe ambavyo hakuna mtu angevikalia. Athol aliosha vioo vya chini vyote. Akafika sebuleni, akafungua ngazi fupi, akainua macho.

Juu ya kioo, upande wa ndani, gazeti na siki vilikuwa vimeacha alama. Kutoka kona mpaka karibu na katikati kioo kilikuwa safi. Kisha ule usafi ulipinda ghafla, ukateremka kama mkwaruzo, ukaishia. Baada ya hapo ilikuwa mistari yake mwenyewe, ya mwezi wa saba, imekaukia palepale.

Alipanda vidato viwili. Akainua mkono wa kulia. Ulifika usawa wa sikio, ukakataa. Akajaribu kuusukuma kwa wa kushoto kama alivyozoea, lakini damuni hakukuwa na vidonge vya kumsaidia, na maumivu yalikuwa yenyewe, matupu. Akabadilisha, akajaribu kwa mkono wa kushoto. Mpira ukamponyoka ukaanguka kwenye zulia la kukodi. Akashuka kuuokota, magoti yakagoma kumwinua. Dalali alimkuta amekaa sakafuni chini ya ngazi. Alikuwa kijana wa adabu, viatu vyake vyenye ncha vimeng'arishwa.

"Kazi nzuri, mzee. Ila pale juu naona pamebaki."

"Sipafikii."

"Lakini ngazi si hiyo?"

"Ngazi inafika. Mkono ndio haufiki."

Kijana akatazama saa yake, akatazama kioo, akamsaidia kusimama kwa kumshika kwapani, upande uleule wa bega. Athol akapiga ukelele. Kijana akaomba radhi mara nyingi sana. Alasiri hiyo hiyo likaja gari la wenye miti.

Kisha alikaa jikoni na simu, akawapigia wateja wake wa miaka yote. Alidhani kuwaambia ndiyo itakuwa shida. Shida ikawa kuwasikia. Walisema pole, walisema tutakukumbuka, na nyuma ya maneno alisikia pumzi ikishuka, kama ya mtu aliyekuwa akisubiri mgeni aage. Kumbe walikuwa wakingoja. Alijaribu kuwauza wateja hao kama yule mzee alivyomuuzia yeye, lakini vijana wawili aliowauliza walimjibu kwamba siku hizi watu wanapatikana kwenye simu, hawanunuliwi.

Barney peke yake ndiye aliyegomba.

"Huniachi! Nani atanitukana asubuhi?"

"Tafuta mwingine. Mji una watu wenye midomo michafu."

"Si kama wako." Barney akapangusa mikono kwenye aproni, akaipangusa tena ingawa ilikuwa kavu. "Njoo basi ule pai tu. Njoo bila ndoo."

Aliahidi. Wiki iliyofuata akapita, akamkuta kijana wa miwani amesimama mbele ya bucha, mti wake umeegemea jina la duka, maji yanateremka kwenye kioo kwa usawa kama pazia. Barney alikuwa ndani anamkatia mteja mbavu. Athol hakuingia. Baada ya hapo akawa anapita mtaa mwingine.

Ofisi ya misaada ya serikali ilimwita. Binti mpole alimwuliza kama anaweza kunyanyua mizigo, kama anaweza kusimama muda mrefu, kama anajua kupiga taipu. Athol aliweka mikono yake mezani aione. Binti akaitazama, akasema kwa upole kwamba kwa mujibu wa utaratibu bado anahesabiwa ni mtu wa kutafuta kazi, kwa hiyo atafute, na alete ushahidi kwamba ametafuta. Akaanza kuandikia maghala na maduka. Hayakumjibu. Foleni ya upasuaji nayo haikusogea, au kama ilisogea hakuambiwa.

Bi Winsome hakuiona Krismasi. Mwezi wa kumi na moja, majira ya joto yakianza na wapiga makasia wakijaa mtoni, kifua kilimbana kule nyumba ya wazee akafa. Athol hakuwahi kumtembelea huko. Alifika mara moja mpaka kwenye maegesho ya magari, akahesabu madirisha ya ghorofa ya chini akitafuta lake, akarudi. Kanisani aliketi benchi la mwisho pamoja na Glenys. Wakitoka, Philippa, bintiye marehemu, mwanamke mrefu mwenye sauti ileile, aliushika mkono wake wa kulia akaubana kwa nguvu.

"Wewe ndiye Athol! Mama alikuwa akisema hakuna anayelijua dirisha kama wewe."

Maumivu yalimpanda kutoka kidole gumba mpaka kwenye kiwiko. Alisema, "Ahsante," kwa kuwa Glenys alikuwa akimtazama, na kwa kuwa watu walikuwa nyuma wanangoja zamu yao ya kupeana mikono.

Sasa Glenys anafanya zamu mbili. Athol hufagia, hupika kinachopikika bila kukatwakatwa, huanika nguo kwenye kamba ya chini. Jumapili moja binti yao alipiga simu kutoka Perth akauliza hali, wakasema nzuri. Walikuwa wanakula: kondoo baridi, viazi, na chupa ya bitiruti za siki ambayo Glenys alikuwa na hamu nayo tangu Ijumaa. Athol alijaribu kuifungua, akaibana kwapani, akajaribu tena. Akamsogezea Glenys. Glenys akaifunika kwa tambara, akakaza, akakunja uso, akaiachia. Aliinua mikono yake akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, mikono ya kukunja mashuka, na Athol akaona alichokuwa hajakiona au hakutaka kukiona: vifundo vya vidole vimeanza kuvimba kwenye shina, kama vyake vilivyoanza.

"Tangu lini?" akamwuliza.

"Muda."

"Mbona hukusema?"

Glenys aliiweka chupa pembeni, akavuta sahani yake karibu.

"Basi," akasema. "Tule bila hizo."